Okestra Isiyochoka

Miongoni mwetu tunaoishi kambini na katika nyumba za polisi, hakuna asiyeujua mlio wa tarumbeta. Tumeamshwa nao alfajiri, tumeandamana nao siku za sherehe, na tumewazika wenzetu kwa mlio huo huo. Lakini okestra kamili ya simfoni, yenye wapigaji 80 au zaidi, wengi wetu tumeisikia redioni tu. Je, mtu wa kambini aliye na muziki wa namna hiyo kichwani mwake atausikiaje? Siku hizi njia ipo, nayo ni kompyuta. Nataka kueleza inavyofanya kazi, faida yake, na mahali inapokomea.

Mwaka 1979, huko Sydney nchini Australia, Peter Vogel na Kim Ryrie walitoa chombo kiitwacho Fairlight CMI. Chombo hicho kilinasa sauti yoyote, kikaigeuza kuwa tarakimu, kisha kikamwezesha mtu kuipiga juu na chini kwa vibonye vya kinanda. Kilikuwa ghali mno. Mwaka 1983 watengenezaji wa vinanda walikubaliana juu ya lugha moja ya vyombo vyao, iitwayo MIDI, ambayo hupima hata nguvu ya kidole kwa daraja 127. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Herb Tucmandl, mpigaji sello wa Vienna nchini Austria, alianzisha ghala la sauti liitwalo Vienna Symphonic Library. Wapigaji stadi waliketi katika ukumbi wenye ukimya mkubwa, wakarekodi noti moja moja: kwa upole na kwa nguvu, kwa kuvuta upinde na kwa kudonoa uzi, na hata jinsi noti moja inavyopita na kuingia katika nyingine.

Basi sauti atumiayo mtunzi imetoka katika vinywa na mikono ya watu halisi, nayo husubiri ndani ya kompyuta hadi itakapoitwa. Lakini ziko hila zake. Noti moja iliyorekodiwa ikirudiwa upesi upesi bila mabadiliko yoyote, sikio huitambua mara moja; watunzi wenyewe huufananisha mlio huo na wa bunduki ya rashasha. Kwa sababu hiyo kila noti hurekodiwa mara kadhaa, na kompyuta huzipokeza zamu, kama askari wanavyopokezana lindo.

Mimi nilipiga tromboni katika bendi ya polisi kwa miaka 21 kabla ya kustaafu. Sasa usiku, watoto wakiisha kulala, hutunga kwa kompyuta yao ya masomo, nikiwa nimevaa visikilizio masikioni ili nisimwamshe mama yao. Natumia programu ya MuseScore, ambayo hutolewa bure. Na tangu Desemba 2022 ina ghala lake la sauti za okestra, nalo pia halilipiwi. Kwa mstaafu, jambo hilo si dogo.

Hata hivyo, okestra hii ina tabia moja ambayo kila mkuu wa kikosi angeiogopa: hutii kila amri. Ukiiamuru tarumbeta ipige dakika kumi bila kuvuta pumzi, itapiga. Kwa tromboni, noti mbili zilizo jirani kabisa kwenye kinanda zaweza kumlazimu mpigaji kuusukuma mkono wake kutoka nafasi ya 1 hadi ya 7, yaani mwisho wa urefu wa mkono. Kompyuta haina mkono, wala haitakuambia. Ndiyo maana kila nikiandika sehemu ya tromboni, huiimba kwa midomo na kuusukuma mkono hewani, nikihesabu ni wapi pumzi itakwisha.

Mwaka jana mwenzangu wa bendi, mpigaji tarumbeta, alifariki dunia. Nilimtungia maombolezo ya okestra nzima, fidla na ngoma kubwa zikiwamo, nikayapeleka kwa mjane wake ili yapigwe katika kipaza sauti siku ya kumaliza matanga. Alisikiliza hadi mwisho, akafuta machozi.

"Ni mazuri, shemeji," alisema. "Lakini hao wanaopiga hawakumjua."

Sikuwa na jibu. Wale wa Vienna na London ni mabingwa, na noti zao ni safi kuliko zetu. Ila yeye alitaka watu waliokula naye chungu kimoja. Nikamwambia, "Nipe wiki mbili, shemeji."

Wazee wa bendi tuliobaki karibu tulikuwa saba. Nikachukua kazi ile ile nikaipunguza: sehemu ya fidla nikaipa klarineti, ya sello nikaipa tromboni. Mmoja wetu amepoteza meno ya mbele, kwa hiyo nilizishusha noti zake. Kila usiku kompyuta ilinipigia nilichoandika, nami nikarekebisha palipokuwa pazito, na asubuhi nikawachapia wenzangu karatasi zao. Bila mashine hiyo, nisingeweza kuifanya kazi hiyo kwa wiki mbili.

Kwa hiyo nawausia vijana wetu wanaopenda kutunga: itumieni kompyuta bila aibu, kwani huo ndio uwanja wenu wa mazoezi. Lakini mtafuteni pia mpigaji mmoja aliye hai, mumpe karatasi, mumtazame usoni anapofika mahali pagumu.

Siku ya matanga tulipiga tukiwa tumesimama uani, chini ya turubai. Tulikosea mara mbili, na katikati ilitubidi tupumue sote kwa pamoja. Mjane alikuwa ameketi mkekani na wanawe, akatikisa kichwa kwa kufuata mapigo hadi tulipomaliza.