Mume Wangu Alinifundisha Ndege kwa Simu

Hapa Chamwino, ukisema umeacha kazi ya ukeshia ili ukasomee kuongoza watalii, watu wanakutazama kama umerogwa. Mimi niliisema. Mume wangu ni mwalimu, tuna mtoto mmoja, na mshahara wangu ndio uliokuwa ukilipa kodi ya nyumba. Mama mkwe hakuzunguka: "Mke wa mtu akalale porini na madereva?"

Nikaenda Mweka, chuo cha wanyamapori kilichoanzishwa mwaka 1963 kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Wengi wanadhani kazi hii ni Kiingereza na kofia tu. Thubutu! Unakariri wanyama, ndege na miti kwa Kiswahili, Kiingereza na jina la kisayansi. Unasoma nyayo na kinyesi. Unapima upepo unakotoka kabla ya kumsogelea tembo. Unajifunza kumhudumia majeruhi mkiwa mbali na hospitali.

Lakini masomo hayakuniumiza kama umbali. Simu za usiku zikawa za lawama: mtoto ana homa, hela imeisha, unarudi lini? Siku moja mume wangu akaomba nimtumie orodha yangu ya ndege, akaanza kunipa mtihani.

"Lamprotornis unicolor?"

"Kwezi kijivu! Anapatikana Tanzania peke yake, na hapo nyumbani Dodoma yupo."

Hela haikuongezeka, ila tulikuwa tena na jambo letu wawili.

Likizo nilimfuata mama mkwe na daftari. Chuoni nilijifunza kwamba ua la mbuyu hufunguka jioni, na popo hulichavusha usiku. Yeye akanionyesha majani yanayofaa mboga na jinsi magome yanavyosokotwa kamba. Alishangaa kwamba kuna watu wanalipa hela kusikia hayo.

Kisha nikawapeleka yeye na mume wangu Kolo, Kondoa, kwenye michoro ya miambani iliyoingia Urithi wa Dunia mwaka 2006. Ndio waliokuwa wageni wangu wa kwanza. Mama aliangalia wale watu na wanyama wekundu, akauliza, "Mkwe wangu, hawa walikuwa wanakunywa maji wapi?" Hakuniuliza tena habari za madereva.

Sisemi mambo yameisha. Msimu wa watalii, Juni hadi Oktoba, naweza kukosekana nyumbani wiki nzima. Kwa hiyo kalenda ya safari inabandikwa ukutani, mume wangu anajua niko na nani na wapi, na hela ya msimu inagawanywa ifike hadi masika, kazi inapopungua.

Kama mwenzio ana ndoto inayomtoa nyumbani, ruhusa peke yake haitoshi. Omba na wewe orodha ya ndege. Ukishayajua majina, hutakuwa mgeni kwenye maisha yake.