Rahisi ya Nani, Ghali ya Nani?

Katika lugha yetu neno "rahisi" lina maana mbili. Kazi isiyo ngumu ni rahisi, na kitu kisicho na bei kubwa ni rahisi pia. Tulipokuwa tukifundisha walimu wanafunzi chuoni, niliwaambia wasichanganye maana hizo mbili katika kazi zao, kwa sababu kitu chaweza kupatikana kwa bei ndogo na bado kikawa kimemgharimu mtu fulani pakubwa. Wakati ule nilikuwa nikisahihisha lugha tu. Sikujua kwamba ningekuja kulifikiria neno hilo uzeeni, nikiwa na daftari la hesabu mkononi, katika nchi mbili za Bahari ya Hindi.

Nchi zenyewe ni Sri Lanka na Maldivi. Ni majirani: ndege kutoka Colombo hadi Malé hutumia kama saa moja na nusu. Watalii wengi huzitaja kwa pamoja kama sehemu za kupumzika, na wengi huuliza ipi kati ya hizo ni ya bei nafuu. Mimi na mke wangu tulizitembelea zote mbili mwezi wa Septemba mwaka 2023, upepo wa kusi ukielekea ukingoni, na nitajaribu kulijibu swali hilo kwa tarakimu kwanza, kisha kwa yale ambayo tarakimu haziyasemi.

Fedha za safari zilitoka kwa watoto wetu. Walilipa tiketi za ndege, kisha wakatupa shilingi 3,000,000 kwa malazi, chakula na mizunguko. Kwa kubadilisha dola moja kwa shilingi 2,500 hivi, tulipata dola 1,200. Nakiri kuwa mawazo yangu yalikuwa kwenye bati la jikoni lililokuwa likivuja. Niliona kuwa mtu wa miaka sabini na ushei anahitaji paa kuliko pwani ya watu wengine. Mke wangu, ambaye alikuwa muuguzi kwa miaka 36, aliniambia hivi: "Mwalimu, wewe umewafundisha watoto wa watu bahari zote za dunia kwenye ramani. Mimi nimekesha zamu za usiku nikiwasubiri wagonjwa wapambazukiwe. Bati litangoja. Magoti yangu hayatangoja." Baada ya maneno hayo sikuwa na hoja ya kuongeza.

Basi tazama hesabu yenyewe. Huko Sri Lanka tulikaa siku saba. Vyumba katika nyumba za wageni, pamoja na chai ya asubuhi, vilitugharimu dola 30 kwa usiku, jumla dola 210. Vibali vya kuingia nchini vilikuwa dola 50 kwa kila mmoja, yaani dola 100. Chakula cha mchana na jioni, aghalabu wali na mchuzi wa aina nne au tano kwenye sahani moja, kilikuwa dola 84 kwa wiki nzima. Usafiri wa treni, mabasi, bajaji na gari la kukodi siku ya mwisho ulikuwa dola 126. Viingilio vilikuwa dola 60. Jumla ni dola 580.

Huko Maldivi tulikaa siku nne, katika kisiwa cha Maafushi, ambacho hukaliwa na wenyeji. Chumba kilikuwa dola 65 kwa usiku, jumla dola 260, kodi ya mauzo na ada ya huduma zikiwa ndani yake. Kodi ya mazingira, wakati ule dola 3 kwa kila mgeni kwa kila usiku katika nyumba ndogo za wageni, ilifika dola 24. Chakula kilikuwa dola 140. Boti ya kasi kwenda na kurudi ilikuwa dola 100 kwa sisi wawili. Siku moja tulipelekwa kwenye fungu la mchanga katikati ya bahari kwa dola 70. Kibali cha kuingia nchini hakikuwa na malipo. Jumla ni dola 594.

Kwa hiyo siku nne za Maldivi zilitumia dola 14 zaidi ya siku saba za Sri Lanka. Ukigawa, Sri Lanka ilikuwa dola 83 hivi kwa siku, na Maldivi dola 148 na senti 50. Na hapo sikutaja hoteli zile za vyumba vilivyojengwa juu ya maji. Moja tuliyoulizia ilitaka dola 600 kwa usiku mmoja, mbali na nauli ya ndege ndogo inayotua majini. Usiku mmoja wa pale ungemeza wiki yetu yote ya Sri Lanka na kutaka nyongeza.

Mwalimu wa hesabu angeishia hapo na kupiga mstari. Lakini mimi nilifundisha jiografia pia, na mwalimu wa jiografia hulazimika kuuliza: kwa nini?

Ughali wa Maldivi una sababu ambazo mtu aweza kuziona kwa macho. Nchi hiyo ina visiwa karibu 1,200, navyo ni vya matumbawe, vilivyo tambarare kiasi kwamba mahali pa juu kabisa hapafiki mita tatu kutoka usawa wa bahari. Hakuna mto wala mashamba makubwa ya nafaka. Maji mengi ya matumizi hutengenezwa kwa kuondoa chumvi katika maji ya bahari, na mitambo hiyo huendeshwa kwa mafuta yaliyokuja kwa meli. Nyanya niliyokula Maafushi ilikuwa imesafiri baharini kabla yangu. Kilichotoka hapohapo ni samaki na nazi, na ndiyo maana chakula cha asubuhi, jodari aliyechambuliwa na kuchanganywa na nazi, vitunguu na pilipili, kikiliwa kwa mkate mfano wa chapati, kilikuwa kitamu kuliko vyote na cha bei ya chini kuliko vyote.

Jambo hili si geni. Ibn Battuta, ambaye sisi wa Afrika Mashariki twamkumbuka kwa kufika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alifika Maldivi miaka kumi na miwili baadaye akawa kadhi huko. Ameeleza jinsi watu wa visiwa walivyokusanya kauri na kuwauzia watu wa Bengal ili wapate mchele. Leo kauri si fedha tena, lakini biashara ni ileile: bahari hutoa kitu kizuri ambacho wageni wanakitaka, na kwa hicho wenyeji hununua chakula. Hata fedha yao, rufiyaa, ni ndugu wa ile rupia ambayo babu yangu aliitumia enzi za Wajerumani.

Nani hupata faida? Kwa miaka mingi, tangu hoteli ya kwanza ilipofunguliwa mwaka 1972, wageni walitengewa visiwa vyao na wenyeji wakabaki kwenye vyao. Ni katika miaka ya 2009 na 2010 ndipo nyumba za wageni ziliporuhusiwa kwenye visiwa vinavyokaliwa na watu. Kule Maafushi mwenye nyumba yetu alikuwa mtu wa kisiwa hichohicho. Tulisikia adhana kama tuko Unguja, tukaona wanawake waliojistiri, na watoto wenye mikoba wakienda shule. Aliyetuletea chakula alikuwa kijana wa Bangladesh ambaye hupeleka fedha kwao kila mwezi. Bei ilikuwa kali, lakini niliweza kuifuata mpaka ilipoishia, nami sikuona aibu kuilipa.

Sasa nigeukie unafuu wa Sri Lanka, ambao ndio ulionikosesha usingizi.

Sri Lanka ina mito, milima, mpunga na chai. Kwa hiyo sehemu ya unafuu wake ni baraka ya ardhi. Treni ya kutoka Kandy kwenda Nanu Oya hupanda katikati ya mashamba ya chai kwa saa kadhaa, na nauli yetu ya daraja la pili haikufika dola tatu kwa mtu. Lakini sehemu nyingine ya unafuu huo haikutoka ardhini. Mapema mwaka 2022 dola moja ilibadilishwa kwa rupia 200 hivi. Mwezi wa Aprili mwaka huo serikali ilisimamisha malipo ya madeni ya nje. Mafuta yakawa haba, watu wakalala kwenye foleni za petroli, na mwezi wa Julai Rais Gotabaya Rajapaksa akakimbia nchi, akitua kwanza Maldivi. Mwezi wa Septemba mwaka 2022 bei za vitu zilikuwa zimepanda kwa karibu asilimia 70 kwa mwaka. Sisi tulipofika mwaka mmoja baadaye, dola yetu moja ilitupatia zaidi ya rupia 320.

Haya niliyajua magazetini. Mke wangu ndiye aliyeyajua kwa mtu. Tulikwenda kwenye mwamba wa Sigiriya, ngome ya Mfalme Kasyapa wa karne ya 5, ambao hupandwa kwa ngazi zipatazo 1,200. Nililipa dola 30 kwenye dirisha la wageni. Sikulalamika, kwani hata kwetu mgeni hulipa kwa dola kuingia mbugani na mwananchi kwa shilingi. Tofauti ni kwamba safari hii mimi ndiye niliyesimama kwenye mstari wa dola. Mke wangu, kwa ajili ya magoti yake, alibaki chini akinywa chai na dereva wa bajaji aliyetuleta kutoka Dambulla.

Niliposhuka baada ya saa tatu, nilimkuta amenyamaza. Dereva yule, mzee wa umri wa miaka sitini na kitu, alikuwa mwalimu wa hesabu aliyestaafu. Alimweleza kwamba pensheni yake haikupunguzwa hata senti moja. Tarakimu ni zilezile, alisema, ila maziwa, gesi na dawa za presha vimeikimbia. Ndiyo sababu akanunua bajaji kuukuu.

Alikuwa ametuomba rupia 4,000 kwa kwenda, kungoja na kurudi, yaani dola kumi na mbili na nusu. Mke wangu, ambaye Kariakoo hanunui fungu la nyanya bila kuomba lipunguzwe, hakusema neno. Tulipofika Dambulla alimpa rupia 6,000. Mzee yule alizihesabu, akataka kurudisha za ziada, akidhani tumekosea. Mke wangu akamwambia, "Baba, hizo ni za mwalimu kwa mwalimu." Akazipokea kwa mikono miwili.

Usiku ule nilikumbuka mwaka 1986. Mwanzoni mwa mwaka ule dola moja ilikuwa shilingi 17 hivi za Tanzania, na mwaka ulipokwisha ilikuwa imepita shilingi 50. Nilikuwa mwalimu kijana mwenye watoto wawili. Mshahara wangu nao haukupunguzwa hata senti moja. Sikumbuki kama tulikuwa na watalii wengi wakati ule, lakini bila shaka wale waliokuja walirudi kwao wakiwasifia jirani zao kwamba Tanzania ni nchi nzuri na ya bei nafuu. Hawakusema uongo. Ila unafuu huo ulikuwa umekatwa kwenye sahani ya watoto wangu. Wahenga waliliita jambo hili kufa kufaana.

Je, basi mtu asiende? La hasha. Mzee yule alihitaji abiria, wala hakuhitaji huruma ya mtu aliyebaki Dar es Salaam. Kutokwenda kwetu kusingemrudishia pensheni yake. Ninachosema ni kwamba mahali ambapo fedha ya mwenyeji imeanguka, mgeni asiichukue bei kama kipimo cha thamani ya kazi ya mtu, wala asijisifu kwa kubana senti za mwisho. Anayelipa dola 600 kwa usiku Maldivi bila kuuliza, kisha akabishana na mwenye bajaji wa Sri Lanka kwa rupia 200, hesabu zake ni sahihi lakini hajafaulu mtihani.

Kwa wanaotaka ushauri wa kawaida, nasema hivi. Mwenye fedha za kadiri na siku nyingi aende Sri Lanka, atembee kwa treni, alale kwenye nyumba za wageni. Mwenye hamu ya bahari tu aende Maldivi siku tatu au nne, akae kwenye kisiwa cha wenyeji, na aepuke miezi ya kaskazi, kuanzia Desemba hadi Aprili, ambapo bahari hutulia na bei hupanda. Ajue pia kwamba tangu Januari 2025 kodi ya mazingira imeongezwa maradufu: dola 6 kwa usiku katika nyumba ndogo za wageni visiwani kwa wenyeji, na dola 12 katika hoteli kubwa. Kodi ya mauzo kwa watalii nayo imepanda mpaka asilimia 17 tangu Julai 2025. Na katika daftari lake aongeze safu moja ambayo vitabu vya safari havina: fedha hii imemfikia nani, na imemfikia ikiwa na uzito gani?

Sisi tulibakiwa na dola 26 baada ya hesabu zote, ukiacha zile rupia 2,000 za mwalimu, ambazo mke wangu alizitoa kwenye mkoba wake mwenyewe na kukataa katakata niziandike. Bati la jikoni tulilibadilisha mwaka uliofuata, kwa pensheni, vipande viwili kila mwezi mpaka likaisha. Mvua za masika zilitukuta ndani, pakavu.