Nafasi tupu zilivyotugombanisha

Najua nimepotea, mradi wa mwaka wa mwisho umenibana kweli kweli. Leo acha niungame.

Mimi na mshkaji ninayekaa naye chumba kimoja tunatengeneza taa za kuongozea magari kwa Arduino. Juu kabisa ya programu yetu kuna mistari 12 ya kutangaza paramita: kijani iwake muda gani, njano muda gani, na kadhalika. Sasa mimi napenda vitu vilivyonyooka. Kwenye kompyuta yangu nimeweka clang-format, nikawasha AlignConsecutiveAssignments, ambayo kwa kawaida huja imezimwa. Kila nikihifadhi faili, alama zote za = zinajipanga safu moja kama askari kwenye gwaride. Raha tupu!

Wiki iliyopita nikaongeza paramita moja tu, ila jina lake refu: MUDA_KIJANI_BARABARA_KUU. Kumbe ili huyu mgeni akae sawa na wenzake, alama za mistari yote 12 zikasogezwa kulia. Mimi najua nimeongeza mstari mmoja, Git inaona nimegusa 13.

Usiku ule ule mshkaji, kwenye kompyuta yake, alirekebisha MUDA_NJANO kutoka 300 kuwa 3000. Tunahesabu kwa milisekunde, kwa hiyo 300 haifiki hata nusu sekunde. Nilipounganisha kazi zetu, Git ikalia mgongano kuanzia juu mpaka chini. Saa nane usiku, macho mazito, nikaona tofauti ni nafasi tupu tu. Nikachukua ya kwangu yote, nikalala.

Siku ya kumwonyesha mwalimu: kijani ikawaka, njano ikapepesa, nyekundu hiyo. Mwalimu akasema, "Hapo magari yameshagongana." Mshkaji hakusema neno. Chumbani nikaapa sijagusa mstari ule. Akafungua git blame: mistari yote 13 ina jina langu. Jamani! Siku mbili tukawa tunasalimiana kama watu waliokutana kituo cha daladala.

Juzi nikaomba radhi, chai nikanunua mimi. Yeye alitaka tuzime upangaji kabisa. Nikamwonyesha: namba zikiwa safu moja, ile 300 inaonekana fupi katikati ya wenzake, hata mtu mwenye usingizi ataishtukia. Akacheka. Tukakubaliana: wote wawili tutumie faili moja la .clang-format, upangaji uhifadhiwe peke yake bila kuchanganywa na kazi nyingine, na kabla ya kuamua mgongano tulinganishe matawi kwa git diff -w, ambayo haijali nafasi tupu. Ningefanya hivyo usiku ule, ingebaki mistari miwili tu: wa kwangu mpya, na wa kwake wa njano.

Mashine ilisogeza tu. Aliyefuta ni mimi.

Haya, narudi kwenye mradi, tunaonyesha tena Ijumaa. Mtuombee!