Kabla ya Kushangilia, Uliza Wamechimba Wapi

Wasee, hebu tukubaliane kitu kimoja: Wakenya tunapenda sana tangazo. Ikisemwa mafuta yamepatikana, tunashangilia. Ikisemwa maji yamepatikana, tunashangilia zaidi. Lakini ni wangapi huuliza yamepatikanaje?

Mimi nasomea jiolojia, mwaka wa tatu, na kila Krismasi kule ushago naulizwa swali lile lile: "Sasa hiyo kazi yako ni ya kuokota mawe?" Zii. Kazi yenyewe ni kusoma kitu ambacho hakuna mtu atawahi kukiona kwa macho.

Chukua bonde la mashapo. Hapa ni mahali ardhi ilibonyea zamani, mito na maziwa yakamwaga mchanga, matope na mimea iliyooza, tabaka juu ya tabaka, kwa mamilioni ya miaka. Kenya tunayo makubwa manne: Lamu, Anza, Mandera na lile la Bonde la Ufa, ambalo ndani yake kuna Lokichar kule Turkana. Ukisimama Lokichar unaona mbuzi, migunga na vumbi. Hadithi yote iko chini, kilomita kadhaa.

Tunaisomaje? Unaweza kupima mvuto wa dunia: mashapo ni mepesi kuliko mwamba mgumu ulio chini yake, kwa hivyo pale yalipojaa, kipimo kinashuka kidogo. Halafu malori mazito yanatikisa ardhi, na vifaa vilivyopangwa kwa mstari vinanasa mwangwi ukirudi kutoka kila tabaka. Manze, picha inatoka safi! Lakini picha hiyo inahesabu sekunde, si mita. Na haikuambii kwa uhakika kama ndani ya tabaka kuna mafuta, maji matamu au maji ya chumvi. Hapo lazima uchimbe.

Na hata ukichimba, kisima kimoja ni kama tundu la sindano kwenye blanketi. Mwaka 1992 Shell walichimba Loperot-1 kwenye bonde la Lokichar, wakapata dalili za mafuta, kisha wakaondoka. Miaka 20 baadaye, Machi 2012, Tullow wakatangaza mafuta kwenye Ngamia-1, bonde lile lile. Mafuta hayakuhamia hapo juzi. Watu walirudi kwenye data ya zamani, wakaongeza mpya, wakachimba upande wa pili wa bonde, magharibi, karibu na ufa mkubwa.

Sasa upande wenye uchungu. Septemba 2013 serikali na UNESCO walitangaza hazina kubwa ya maji chini ya Lotikipi, huko huko Turkana. Zilitumika picha za setilaiti, rada na ramani za jiolojia, kisha visima vikachimbwa kuthibitisha. Maji yalikuwepo kweli. Habari zikasambaa kwamba yangetosha nchi nzima kwa miaka 70. Baadaye vipimo zaidi vikaonyesha maji ya Lotikipi yana chumvi nyingi mno, hayanyweki bila kusafishwa.

Nina mwenzangu darasani aliyezaliwa pande hizo. Siku mhadhiri alipoweka ramani ya Lotikipi ukutani, alininong'oneza: "Mamangu bado anafukua mchanga wa mto kutafuta maji." Sikuwa na jibu.

Ndiyo maana nakasirika mtu akisema data ni mambo ya watu wa ofisi. Kati ya "maji yapo" na "maji yananyweka" kuna kazi nzima, na anayeingoja kazi hiyo iishe si yule aliyetangaza. Ni mama mwenye mtungi. Sisemi wanasayansi walidanganya. Nasema kilichopimwa kilikuwa kimoja, na tulichosherehekea kilikuwa kingine.

Kwa hivyo tangazo likija tena, iwe ni mafuta, gesi au maji, uliza hivi: wamechimba visima vingapi, na wamepima nini ndani yake? Kama bado ni picha tu, ngoja kwanza na hivyo vigelegele.

Na wewe wa kidato cha nne unayewaza kozi ya chuo, hasa kama umetoka Turkana, Marsabit au Lamu: njoo usome mawe. Hayo mabonde ni ya kwenu. Swali gumu la kwanza linafaa litoke kwako.

Mnaonaje?