Sumu Ilitoka Katika Mbabula

Wenzangu wanafunzi, ninaandika maneno haya kwa sababu nilikaa kimya siku nyingi, na kimya changu kiliumiza mtu asiye na kosa.

Hapa Bukavu tunajua baridi ya mvua. Ile usiku ya mwezi wa kumi na moja mvua ilinyesha tangu saa kumi na mbili. Mama alikuwa amemaliza kupika nje kwenye baraza, na makala yalikuwa bado mekundu. Mdogo wangu wa kike, wa miaka sita, alikuwa anatetemeka. Nikaona si vizuri moto kama ule upotee bure. Nikaingiza mbabula katika chumba chetu, nikafunga dirisha, hata nikatia kitambaa chini ya mlango ili upepo usipite. Moshi haukuwako. Tukalala.

Usiku wa manane kichwa kilinipasuka, nikaanza kutapika. Nikamwita mdogo wangu, hakujibu. Nikapiga kelele. Baba akasukuma mlango, akambeba mtoto mpaka nje, kwenye mvua. Kisha muda alifungua macho. Wakati watu wote walikuwa naye, mimi nikarudisha mbabula kwenye baraza. Hakuna aliyeniona.

Asubui watu wakauliza: «Jana hawa watoto walikula nini?» Mama jirani alikuwa ametupa sambaza. Basi, neno likatoka: sumu! Tangu siku ile hakuna mtu kwetu aliyemsalimia. Watoto wake wakakatazwa kucheza na sisi. Mimi nikanyamaza, nikijiambia kwamba labda ni kweli.

Miezi miwili ikapita. Siku moja profesa wa shimi akatufundisha namna vitu vinavyowaka. Makala yakipata hewa ya kutosha, yanatoa dioksidi ya kaboni. Hewa ikikosa, yanatoa pia monoksidi ya kaboni. Hii haina rangi wala harufu. Inashika damu kwa nguvu kupita oksijeni zaidi ya mara 200, na mwili unakosa pumzi hata kama mtu anapumua. Kichwa kinauma, mtu anatapika, analala, halafu haamuki tena. Mikono yangu ikawa baridi. Nikauliza: «Profesa, na mbabula ndani ya chumba?» Akajibu: «Mtoto wangu, ndivyo watu wanavyokufa katika usingizi.»

Jioni nikamwambia baba yote. Hakunipiga. Alikaa kimya, kisha akasema: «Vaa viatu, twende.» Mbele ya mama jirani nikasema tena yote, na baba akaomba msamaha. Yule mama akajibu tu: «Nimesikia.» Watoto wake wamerudi kucheza, lakini mimi salamu yake kwangu ingali fupi.

Ndugu wasomaji, usiseme makala ni salama kwa sababu hayatoi moshi mwingi. Na moshi wa kuni nao ni adui: vumbi lake ni dogo sana, linaingia mpaka ndani ya mapafu, na kutoka huko linafika katika damu. Shirika la Afya Duniani linahesabu kwamba katika mwaka 2020 hewa chafu ya moto wa nyumbani iliua watu karibu milioni 3,2, na kati yao watoto zaidi ya 237 000 wasiofika miaka mitano.

Basi tufanye hivi. Mbabula ilale nje, hata kama baridi ni kali. Mashini ya umeme isiwashwe ndani wala karibu na dirisha. Anayepika ndani afungue mlango na dirisha, na watoto wakae mbali. Na mtu akizimia usiku, kwanza mtoeni kwenye hewa. Halafu ulizeni ni nini kilikuwa kinawaka, mbele ya kuuliza ni nani aliyeleta chakula.