Mazoea yana taabu: Kumvizia paa wa Ngezi

Mwambie mtoto wa mjini kuwa wikiendi unakwenda Pemba, atakuuliza habari za karafuu na waganga, basi. Hakuna atakayekuuliza habari za paa. Haya, leo tunakwenda huko huko, wilaya ya Micheweni, kumtafuta mnyama mdogo asiyependa kuonekana. Vaa raba, manukato yako yaache nyumbani, twende zetu.

Ukishuka Chake Chake, panda gari ya abiria ya kwenda Konde, kaskazini ya kisiwa. Utabanwa kati ya gunia la muhogo na bibi mwenye kapu la samaki, lakini ndiyo raha yenyewe. Konde kunywa chai kabisa, maana mbele ya hapo hakuna hoteli ya mtaani ya kutegemea. Barabara inaendelea kuelekea Makangale, na baada ya kilomita chache jua linazimika kama mtu aliyebonyeza swichi. Hapo umeingia Ngezi.

Ngezi ndiyo kipande kikubwa cha msitu wa asili kilichobaki Pemba, zaidi ya hekta 1,400. Sehemu nyingine nyingi za kisiwa zilifyekwa kupisha mikarafuu na mashamba. Humo ndani kuna popo wa Pemba, mkubwa kama kuku mwenye mbawa za mwavuli. Kuna bundi mdogo ambaye hapatikani popote duniani isipokuwa kisiwa hiki. Kuna tumbili, komba, na nguruwe mwitu wanaosemekana waliletwa na Wareno. Nguruwe hao wanajitanua watakavyo, maana wenyeji ni Waislamu na hakuna anayewataka chunguni.

Halafu kuna paa. Unguja paa wa aina hii wanamwita chesi. Usimchanganye na swala wa Serengeti unayemuona kwenye kalenda. Huyu hafiki goti la mtu mrefu, na uzito wake ni kilo nne mpaka sita, yaani majogoo wawili walioshiba. Anaishi na mwenzake, dume na jike, katika eneo lao ambalo wanaliwekea alama kwa harufu inayotoka kwenye tezi zilizo chini ya macho. Akishtuka anatoa mluzi wa puani, mkia unapepea weupe wake, na kwisha habari. Wewe unabaki unatazama majani yanayotikisika.

Sasa utamuonaje?

Marekani wenzetu wana staili yao. Mwindaji anasimika pipa la mahindi juu ya miguu mitatu, lenye saa inayomwaga punje kwa wakati uliopangwa. Hatua kadhaa kutoka hapo anaweka kibanda cha kujifichia. Siku za mwanzo kulungu hawasogei kabisa, mlio wa pipa tu unawatimua. Basi jamaa anakiacha kibanda hapo hapo kwa wiki kadhaa, anakivika matawi, hakihamishi wala hakiingii ovyo. Taratibu kulungu wanaanza kula. Mwisho wanakiona kibanda kama mti mwingine tu, na siku hiyo bunduki ndiyo inazungumza.

Lakini hata huko mambo si shwari. Kuna ugonjwa unaokula ubongo wa kulungu, uliogunduliwa Colorado mwaka 1967, na baadhi ya majimbo yamepiga marufuku kuwawekea chakula kwa sababu wanyama wengi wakikutanisha midomo mahali pamoja ndipo maradhi yanapopata njia. Tena mnyama anayecheua akivamia mahindi mengi kwa ghafla, tumbo linachacha na anaweza kufa.

Micheweni huhitaji pipa. Pipa lipo, na jina lake ni mkuyu. Matunda yakiiva, tumbili wanakuja kula, usiku popo wanachukua zamu, ninga nao hawako nyuma. Wote hao ni walaji wa fujo, nusu wanakula na nusu wanamwaga. Paa, ambaye hawezi kupanda mti, anapita chini kuokota. Kwa hiyo mwenyeji anayeujua msitu hamtafuti paa, anatafuta mti unaodondosha. Ukisikia tumbili wanagombana juu, jua chini yake huenda meza imetandikwa.

Kibanda nacho kipo. Pembezoni mwa msitu, kwenye mashamba, wakulima wanajenga dungu, jukwaa la miti lenye paa la makuti, wanakaa humo kulinda mazao yao dhidi ya tumbili na nguruwe. Dungu halikuletwa jana. Mnyama ameliona msimu baada ya msimu na halimtishi tena. Mwombe mwenyewe kwa adabu, toa salamu kamili, usiruke moja kwa moja kwenye shida yako. Anaweza kukupisha jioni moja. Ndani ya hifadhi ni habari nyingine. Pita kwanza ofisi ya msitu pale langoni, lipa kiingilio, chukua mtembezaji, na usijenge wala kukata kitu.

Kwenye kukaa kwenyewe, sheria ni chache. Ya kwanza ni upepo. Wakati wa kusi upepo unatoka kusini, basi wewe kaa kaskazini ya mti wako. Wakati wa kaskazi geuza. Paa anakunusa kabla hajakuona. Ya pili ni muda: alfajiri kukishapambazuka, au jioni kabla ya magharibi. Ya tatu ni nguo zisizong'aa. Ile fulana yako nyekundu ya Simba iache, na wa Yanga na njano yao wasicheke. Ya nne ndiyo inayowashinda wengi: tulia. Usijikune, usipige mbu, usimnong'oneze mwenzako. Saa nzima. Mtu wa mjini hii ndiyo inamtoa jasho.

Hapo ndipo wajanja wanapoingiza wazo: kwa nini tusimwagie maganda ya ndizi kila siku, paa wakazoea, wageni wakaja wakapiga picha, na pesa zikaingia kijijini? Wazo si baya, na shida ni ya kweli. Utafiti wa bajeti ya kaya wa 2004/05 uliiweka Micheweni kuwa wilaya maskini kuliko zote Zanzibar. Huwezi kumlaumu mtu huko akiwaza namna ya kupata shilingi kwa paa.

Ila fikiri vizuri. Paa akizoea binadamu hamchagui. Hajui kuwa huyu kashika kamera na yule kashika panga. Woga wake ndiyo silaha pekee aliyonayo, na kuwinda humo ni marufuku ila usiku mlinzi hawezi kusimama chini ya kila mkuyu. Ukimpokonya woga, umemfungulia mlango mtego.

Mifano ipo karibu. Kima punju wa Jozani, Unguja, walizoea watu mpaka wakawa wanashuka karibu na barabara bila wasiwasi, na magari yakawa yanawagonga. Mpaka yalipowekwa matuta ndipo vifo vikapungua. Mazoea yalitangulia, ulinzi ukaja nyuma unahema.

Popo wa Pemba alipita njia nyingine. Naye alikuwa kitoweo, na mwaka 1989 wataalamu walikadiria wamebaki mamia machache tu. Ndipo vijiji vikashirikiana na watu wa misitu, vikundi vya kuwalinda vikaundwa, kama kile cha Kidike. Idadi ikapanda hadi kupita 20,000. Leo mgeni anasimama Kidike anawatazama wananing'inia mchana kweupe, na kiingilio chake kinabaki kijijini. Hapo ulinzi ulianza, mazoea yakafuata.

Kwa paa wa Ngezi hatua hiyo ya kwanza bado haijakamilika. Siku vijiji vinavyouzunguka msitu vitakapokuwa vinamlinda kama Kidike wanavyolinda popo wao, na vinapata faida inayoonekana kwa macho, mazungumzo ya kumzoesha yatakuwa na maana. Kabla ya hapo, anayepaswa kuzoea ni wewe. Zoea kukaa kimya, zoea mbu, zoea kurudi Konde jioni bila kuona kitu na kesho ukaja tena.

Na bahati ikikuangukia, utaona pua nyeusi inachungulia, halafu miguu myembamba kama penseli, anaokota tunda moja, mawili. Sekunde kumi, labda ishirini. Usimtupie kitu. Mwache aondoke na woga wake, ndio utakaomfikisha msimu ujao wa mkuyu.