Shokapu Tumefunga Wenyewe, Alaimenti Je?



Nyumbani kwetu gari ni moja, nalo ndilo linalompeleka mama kliniki, watoto madrasa na maharusi ukumbini. Likianza kugonga mbele, sisi na kaka zetu hulifungua wenyewe uani, tukaokoa pesa ya ufundi. Jeki peke yake hatuiamini. Gari hukaa juu ya stendi ndipo mkono uingie chini.

Je, baadaye lazima alaimenti? Inategemea kilichoguswa. Ukibadilisha stabilaiza linki tu, magurudumu hayageuki mwelekeo. Tairodi endi ni jambo jingine, maana ndiyo inayoamua magurudumu ya mbele yatazame wapi. Sisi huhesabu mizunguko tunapoifungua, tukafunga mpya kwa hesabu ile ile, lakini hiyo ni ya kutufikisha gereji tu. Shokapu nayo, kwenye magari mengi madogo, hufungwa kwa bolti mbili kwenye chuma kinachoshika gurudumu. Zikikaa tofauti kidogo, gurudumu hulala ndani au nje. Hiyo pia tunaipeleka ikapimwe.

Usukani ukikaa upande kwenye njia iliyonyooka, gari likivuta, au tairi likiliwa ukingo mmoja, msingoje.

Nawe bibi harusi, usione haya kumwuliza mwenzio, "Alaimenti tayari?" Roho za watu ni amana. Pesa tuliyookoa uani, sehemu yake ni ya kipimo.